UVIMBE UMEKWISHA, UGONJWA JE?

Mwalimu mlezi wa chama alituambia mwaka huu kila mwanachama aandike makala ya kufafanua jambo analolijua vyema, si jambo la kubahatisha. Wenzangu wameandika kuhusu ufugaji wa nyuki, umeme wa jua na upigaji wa insha. Mimi sina nyuki wala umeme. Ninachokijua ni ugonjwa mmoja uliobisha hodi kwetu, ukaaga kwa heri ya uongo, kisha ukarudi kwa mlango wa nyuma. Nazungumzia saratani ya watoto iitwayo limfoma ya Burkitt, na hasa jinsi inavyorejea kwenye ubongo na uti wa mgongo na namna inavyotibiwa ikirejea.

Mimi si daktari, ni mwanafunzi wa Kidato cha Tatu. Mengine niliyaona kwa macho yangu, mengine nilifafanuliwa na madaktari na wauguzi, na mengine nimeyasoma. Mwalimu wetu wa Biolojia ameyapitia haya kabla hayajapigwa chapa.

JINO LILILOLEGEA

Ilikuwa Juni 2022, nami nilikuwa Darasa la Nane. Mdogo wangu, kitinda mimba wa nyumba yetu, alikuwa na miaka sita. Jioni moja alituambia kwamba jino linamtikisika. Tulicheka tukamwambia likitoka alirushe juu ya paa. Kumbe halikuwa jino la mbele kama ya watoto wenzake. Lilikuwa gego.

Baada ya wiki moja shavu la kulia lilivimba. Alipelekwa zahanati, jino likang'olewa, akapewa tembe za maumivu. Siku kumi baadaye ungedhani ametia embe bichi mdomoni. Jirani mmoja alisema ni kijicho cha watu. Nyanya alichemsha mizizi. Baba alipoona chakula hakipiti tena, alisema, "Hapa hapana la kungoja," akauza mbuzi wawili. Alfajiri Mama na mtoto wakapanda matatu kuelekea hospitali kubwa ya rufaa.

Huko walimkata kipande kidogo cha uvimbe kikapimwa. Walimpima pia damu, uboho wa mfupa na maji ya uti wa mgongo. Jibu likaja: limfoma ya Burkitt. Maji ya uti yalikuwa safi. Daktari akapanga duru sita za dawa, moja kila baada ya wiki mbili, na katika kila duru sindano moja ya mgongoni.

"Mama," daktari alimwambia, "uvimbe huu utayeyuka upesi kama samli kwenye kikaango. Ukiyeyuka, tafadhali usidanganyike."

Ama kweli uliyeyuka. Baada ya duru ya kwanza shavu lilipungua hata mtoto akaomba ugali na omena. Baada ya duru ya tatu hukuweza kujua ni shavu lipi lililokuwa na ugonjwa. Nyanya aliimba na kupiga vigelegele. Tena Nyanya hakuipenda kabisa ile sindano ya mgongoni. "Mtoto amepona, mnaenda kumdunga mgongo wa nini? Mnataka awe kiwete?" Hakuna aliyekuwa na jibu.

Sasa nikiri jambo ambalo sikupenda kulikiri. Nauli ya safari ya nne ilikuwepo. Ilikuwa kwenye mkebe wa majani chai. Lakini mwezi huo wa Septemba kulikuwa na ada ya masomo ya ziada ya watahiniwa wa KCPE, nami nililia usiku kucha kwamba nitaachwa nyuma. Mama aliutazama mkebe, akamtazama mdogo wangu akicheza mpira wa makaratasi uani, kisha akanipa zile pesa. Duru ya nne haikufika. Ya tano na ya sita vilevile.

UGONJWA WENYEWE NI UPI?

Limfoma ni saratani ya seli za kinga ya mwili, zile askari weupe wanaokaa kwenye damu na matezi. Hii ya Burkitt ina jina la daktari mpasuaji, Denis Burkitt, aliyefanya kazi Uganda. Mwaka 1957 katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mwenzake Hugh Trowell alimwonyesha mtoto aliyevimba taya pande zote. Baada ya muda mfupi Burkitt akaona mtoto mwingine wa namna hiyo huko Jinja, huyu akiwa na uvimbe tumboni pia. Alianza kukusanya habari, na mwaka 1958 akaziandika.

Mwaka 1961 Burkitt na wenzake wawili walipanda gari kuukuu aina ya Ford wakazunguka Afrika Mashariki na ya Kusini mwendo wa kilomita kama 16,000, wakiuliza hospitali hadi hospitali: je, mnawaona watoto wa namna hii? Majibu yalionyesha kwamba ugonjwa unapatikana zaidi penye joto na mvua, mahali ambapo malaria haikauki. Ndiyo maana kwetu kando ya Ziwa Viktoria unajulikana, na Pwani unajulikana, lakini kwenye nyanda za juu zenye baridi ni adimu. Mwaka 1964 wanasayansi Epstein, Achong na Barr waliona virusi ndani ya seli za uvimbe uliotumwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London. Virusi hivyo vinaitwa Epstein-Barr hadi leo.

Msomaji asiogope akadhani ugonjwa huu unaambukizwa. Virusi hivyo karibu sote tunavyo tangu utotoni, na wengi wetu havitudhuru. Ni pale vinapokutana na malaria ya mara kwa mara, kisha mpangilio wa jeni ndani ya seli moja ukakosewa, ndipo seli hiyo huanza kuzaana bila breki. Na inazaana kwelikweli! Uvimbe wa Burkitt huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja hadi mbili. Hakuna saratani ya binadamu inayokua upesi kuishinda.

Lakini kasi hiyo ndiyo udhaifu wake pia. Dawa nyingi za saratani, zile ambazo wodini huitwa kemo, huua seli wakati zinapogawanyika. Seli inayogawanyika kila siku hukutana na dawa kila siku. Ndiyo sababu uvimbe huyeyuka kama samli, na ndiyo sababu watu hudanganyika.

JICHO

Januari 2023 nilikuwa nyumbani nikingoja kujiunga na Kidato cha Kwanza. Siku moja alikuja mgeni, mzee wa kanisa. Tulipokuwa tukinywa chai, nilimwona mdogo wangu amefumba jicho moja huku akimtazama mgeni. Nilidhani anamkonyeza mzee. Mgeni alipoondoka nilimzaba kofi.

"Wewe! Unamkonyeza mtu mzima?"

"Simkonyezi," alisema akilia. "Jicho lenyewe linajifunga. Nikilifungua ninaona mzee wawili."

Nilimwita Mama. Tulimshika kidevu tukamtazama vizuri. Kope la kulia lilikuwa limelegea, na alipotabasamu mdomo ulienda upande mmoja. Kisha Mama akakumbuka kwamba kwa siku nne mtoto alikuwa akitapika asubuhi na kusema kichwa kinauma, tukadhani ni malaria. Shavu lilikuwa sawasawa, halina hata dalili ya uvimbe.

Safari hii Baba hakuuza mbuzi, kwani hawakuwepo. Aliazima pesa kwa mjomba, na kesho yake wakarudi hospitali ile ile. Mama aliona aibu kumkabili daktari, lakini daktari hakumkaripia. Alichukua kalamu akamchorea kichwa cha mtoto kwenye karatasi. Karatasi hiyo ninayo, na ninaitumia kuandika sehemu inayofuata.

ASKARI WA LANGO

Ubongo na neva kuu iliyomo ndani ya uti wa mgongo vimezungukwa na maji maangavu. Kwa mtu mzima ni kama mililita 150 tu, chini ya kikombe kimoja cha chai, nayo hutengenezwa upya mara kadhaa kwa siku. Maji haya huzuia ubongo usigongane na mfupa wa fuvu.

Sasa, mishipa midogo ya damu inayopita kwenye ubongo si kama ile ya mkono au tumbo. Seli za kuta zake zimebanana mno, hata vitu vingi vilivyo kwenye damu haviwezi kupenya. Mwaka 1885 Mjerumani Paul Ehrlich alimdunga mnyama rangi kwenye damu, viungo vyote vikabadilika rangi isipokuwa ubongo. Mwaka 1913 mwanafunzi wake, Edwin Goldmann, alifanya kinyume: alitia rangi kwenye maji ya uti, ubongo ukapata rangi na mwili mwingine ukabaki vile vile. Hapo ikaeleweka kwamba kuna ukuta kati ya damu na ubongo.

Ukuta huo ni kama askari wa lango la shule yetu. Kazi yake ni njema: huzuia sumu na vijidudu. Lakini tuseme mwizi amekwisha kupenya usiku na kujificha bwenini. Asubuhi polisi wanakuja kumkamata, naye askari wetu, kwa uaminifu wake wote, anawafungia lango nje! Ndivyo ilivyo. Seli chache za limfoma zikiingia kwenye maji ya uti, dawa za kawaida zinazopitishwa kwenye mshipa wa mkono husafisha taya, tumbo na damu, lakini huko ndani hufika kidogo mno. Seli hukaa huko zikizaana kimyakimya. Kikulacho ki nguoni mwako.

Zikiwa nyingi, huzishambulia neva zinapotoka kwenye ubongo. Neva ya kope ikidhurika, kope hushuka. Neva za kuzungusha jicho zikidhurika, mtoto huona vitu viwiliviwili. Ya uso ikidhurika, mdomo hupinda. Zikikaa chini kwenye uti, miguu hulegea au mtoto hushindwa kuzuia mkojo. Maji yakizidi shinikizo, kichwa huuma na matapishi huja, hasa asubuhi.

SINDANO YA MGONGONI

Hapo ndipo nilipoelewa kazi ya ile sindano aliyoichukia Nyanya. Ikiwa askari hafungui lango, basi dawa ipitishwe kwa kuruka ua: itiwe moja kwa moja ndani ya maji ya uti.

Nilishuhudia likizo ya Aprili 2023, nilipokwenda kumpokea Mama zamu wodini. Mtoto hulazwa ubavu, akajikunja kama jongoo aliyeguswa. Muuguzi humshika mabega na magoti. Daktari huosha mgongo, hutia ganzi, kisha hupitisha sindano nyembamba kati ya mifupa miwili ya chini, karibu na usawa wa kiuno. Hawadungi juu kwa sababu neva kuu yenyewe huishia juu zaidi, na huku chini kuna maji na nyuzi za neva zinazoelea, ambazo husogea sindano ikija. Kwa hiyo, Nyanya wangu mpendwa, sindano hiyo ikidungwa na mjuzi haimfanyi mtoto kiwete. Kinachoweza kumfanya kiwete ni ugonjwa wenyewe ukiachwa.

Maji hutoka tone kwa tone na kukingwa kwenye chupa ndogo, yaende maabara. Baada ya hapo dawa huingizwa polepole. Iliyo maarufu zaidi ni methotreksati, mara nyingine pamoja na sitarabini na haidrokotisoni. Kipimo hufuata umri wa mtoto, hakifuati uzito wake, maana mtoto wa miaka mitatu hivi ana maji ya uti yanayokaribia ya mtu mzima ingawa mwili wake ni mdogo. Baadaye mtoto hulala chali kwa muda bila mto ili dawa isambae hadi kichwani.

Kuna sheria moja ya wodini ambayo muuguzi mkuu aliisema kama amri ya Musa: dawa iitwayo vinkristini, ambayo asili yake ni ua dogo la Madagaska, haiingii katika chumba cha sindano ya mgongo. Kwenye mshipa wa mkono ni dawa nzuri. Kwenye maji ya uti huua. Ajali za kubadilisha sindano hizi mbili zimetokea katika nchi mbalimbali, na mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo, likashauri vinkristini itiwe kwenye mfuko mdogo wa maji ya dripu badala ya bomba la sindano, ili mtu asiweze kukosea.

Maji ya mdogo wangu, yale yale yaliyokuwa safi mwaka 2022, safari hii yalikuwa na seli za limfoma. Mtu wa maabara aliniruhusu nichungulie kwenye hadubini. Niliona viduara vya buluu iliyokolea, vyenye vitundu vyeupe kama povu la sabuni. Nilivitazama kwa muda. Ni vidogo hivyo, na ndivyo vilivyokuwa vikilifunga jicho la ndugu yangu siku nilipomzaba kofi.

WALIOTUTANGULIA

Haya hayakugunduliwa Ulaya kisha yakaletwa kwetu. Sehemu kubwa ilifunzwa hapa hapa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Burkitt akiwa Kampala, na Peter Clifford akiwa Nairobi katika hospitali ambayo leo ni Hospitali Kuu ya Kenyatta, walijaribu dawa za saratani kwa watoto hawa. Wengine walipona kwa dawa kidogo kabisa, jambo ambalo halikutarajiwa na mtu wakati huo.

Mwaka 1967 ilianzishwa Taasisi ya Saratani ya Uganda pale Mulago. Daktari John Ziegler na wenzake waliona kwamba watoto wengi hupata nafuu ya ajabu, kisha baadhi yao hurudi na kope lililolegea au miguu isiyo na nguvu, taya likiwa zima. Mwaka 1971 Ziegler na Avrum Bluming waliandika kuhusu kutibu hali hiyo kwa dawa za kwenye uti. Baadaye Daktari Charles Olweny, Mganda aliyeiongoza taasisi hiyo katika nyakati ngumu za nchi yake, pamoja na wenzake walijaribu kukinga ubongo kwa mionzi. Mwaka 1977 walieleza wazi kwamba mionzi haikuzuia ugonjwa kurejea kichwani. Kueleza jambo lililoshindikana pia ni elimu. Watoto wengi wa baadaye wameepushwa na mionzi kichwani, ambayo huweza kudhuru akili inayokua.

UKIREJEA, UNATIBIWAJE?

Tiba ya kurejea ina pande mbili, na zote zinahitajika.

Upande wa kwanza ni sindano za mgongoni, safari hii kwa wingi. Mdogo wangu alidungwa mara mbili kwa wiki mpaka maji yakaonekana safi mara mbili mfululizo, kisha mara moja kwa wiki, halafu mara moja kwa kila duru. Watoto wengine, hasa katika nchi zenye uwezo, huwekewa kibofu kidogo chini ya ngozi ya kichwa chenye mrija unaofika kwenye maji ya ubongo. Dawa hutiwa humo bila kudunga mgongo kila mara. Kifaa hicho kilibuniwa mwaka 1963 na Ayub Ommaya, mpasuaji wa ubongo mzaliwa wa Pakistani.

Upande wa pili ni dawa za mshipani, maana ugonjwa uliorudi kichwani huenda umejificha na kwingineko. Hapa hutumika ujanja mmoja. Methotreksati ya kawaida haipiti langoni, lakini ikimwagwa kwenye damu kwa kipimo kikubwa mno, sehemu yake hupenya kwa nguvu ya wingi. Sitarabini hutumiwa hivyo pia. Hatari ni kwamba kipimo hicho kikiachwa mwilini chaweza kumuua mtoto. Kwa hiyo, baada ya saa zilizopangwa, hupewa dawa ya kumwokoa iitwayo likovorini. Huku hupewa maji mengi ya dripu ili figo zisizibe, na damu hupimwa kujua dawa imebaki kiasi gani. Hospitali isiyo na kipimo hicho cha damu haiwezi kuthubutu, na ndiyo sababu si kila hospitali inaweza kumtibu mtoto wa namna hii.

Kazi yangu wodini ilikuwa kukinga mkojo. Usiku kucha, kila alipokojoa, nilipima kwenye jagi, nikaandika kwenye karatasi, nikachovya kijikaratasi kinachobadilika rangi, nikamwonyesha muuguzi. Nywele zake zilianguka. Mdomo ulipata vidonda hata akanywa uji kwa mrija. Siku ya tisa alifungua jicho la kulia bila kulisaidia kwa kidole, akasema, "Leo nakuona mmoja."

Nisiseme uongo kwa kutaka kuwafurahisha wasomaji. Si wote wanaoona siku hiyo. Kitanda cha pili alilala binti wa miaka minane, mcheshi, aliyenifundisha kusuka kamba ya plastiki. Yeye hakukosa duru hata moja. Wazazi wake walifuata kila neno. Ugonjwa ulimrudia kichwani kabla mwezi haujaisha tangu amalize dawa, na dawa za pili hazikuusogeza. Alifariki usiku mmoja wa Aprili. Niliuliza daktari, kwa nini yeye aliyetii, na si sisi tuliotoroka? Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba ugonjwa unaorudi upesi baada ya dawa kamili mara nyingi huwa umezizoea dawa, na kwamba hata Ulaya na Marekani wengi wa watoto hao hawaokolewi. Wa kwetu ulikuwa haujazizoea kwa sababu haukupewa za kutosha. "Msiite hiyo ujanja," aliniambia. "Mlicheza na moto, ukawaunguza kidogo."

Zipo habari za matumaini. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa nchi kadhaa kuhusu watoto wenye limfoma za namna hii zilizofika mbali, wengine zikiwa zimeingia kwenye ubongo. Waliopewa kemo pamoja na dawa iitwayo rituksimabu, takribani 94 kati ya 100 walifikisha miaka mitatu bila ugonjwa kurudi wala janga jingine. Waliopewa kemo peke yake walikuwa 82 kati ya 100. Dawa hiyo ni ghali, na kwa kuwa molekuli yake ni kubwa, langoni hupenya kidogo sana. Sindano ya mgongoni haijastaafu bado. Na kipigo cha kwanza kikiwa barabara, nafasi ya ugonjwa kurudi hupungua, na hilo ndilo tumaini kubwa kuliko dawa yoyote ya kurudia.

NENO LA MWISHO

Wapenzi wasomaji, wengi wenu mnatoka sehemu zenye mbu kama kwetu, na mna wadogo zenu nyumbani. Basi yashikeni haya.

Mtoto akivimba taya au tumbo, na uvimbe ukakua kwa siku badala ya miezi, au magego yakalegea kabla ya wakati, apelekwe hospitali kubwa. Msiridhike na kung'oa jino tu.

Akianza dawa, azimalize zote pamoja na sindano za mgongoni, hata kama uvimbe umetoweka. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Sindano ile haidungwi kwa ajili ya ugonjwa mnaouona. Inadungwa kwa ajili ya ule msiouona.

Mtoto aliyewahi kutibiwa akianza kufumba jicho, kupinda mdomo, kuona viwili, kutapika asubuhi au kulegea miguu, msingoje kesho. Na tafadhali, msimpige kofi.

Kuhusu pesa, ongeeni na hospitali mapema kabla ya kukata tamaa. Zile za NHIF zilikwisha Oktoba 2024 na sasa ni SHA, kwa hiyo wazazi wajiandikishe wao na watoto kabla ugonjwa haujabisha hodi. Wodini tulikuta kuna afisa wa ustawi wa jamii aliyesaidia familia zilizokwama. Sisi hatukumjua mara ya kwanza kwa sababu hatukuuliza.

Mdogo wangu alimaliza dawa Juni 2023. Ugonjwa huu ukitaka kurudi, kwa kawaida hurudi ndani ya mwaka wa kwanza. Sasa imepita miaka miwili, na daktari amesema aje mara moja kwa mwaka tu. Ana miaka tisa na ni golikipa wa timu ya darasa lake. Akichoka, lile kope hushuka kidogo, na wanaomjua hucheka wakisema anawakonyeza washambuliaji.

Nyanya husema siku hizi, mchelea mwana kulia hulia yeye. Nami likizo iliyopita nilimwomba mdogo wangu msamaha, kwa kofi na kwa ule mkebe wa majani chai. La mkebe hakulielewa, maana hakuna aliyewahi kumwambia. Nikamweleza. Alifikiri kidogo, kisha akaniuliza, "Na hiyo mitihani ulipita?"

Nikamwambia nilipita.

"Haya basi," akasema, akarudi golini.